Fanesi ya nyumbani imezeeka: uitengeneze au ubadilishe? Mwongozo kamili kwa tunaoishi kwenye baridi

Kama umekulia Tanga au Kisumu au Bukavu hakuna aliyewahi kukufundisha habari za fanesi, yaani mashine ya kupasha nyumba nzima joto, manake kwetu joto ni bure. Alafu unahamia Minnesota huku Marekani, unahangaika miaka na shifti za usiku, unapata mogeji, yaani mkopo wa nyumba, unakabidhiwa funguo, na kule chini besmenti unakuta sanduku la bati refu kama kabati linavuma usiku kucha, na kuanzia Novemba mpaka Aprili familia yako nzima inaishi kwa hisani ya hilo sanduku. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yaani kama 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Fanesi ikizima siku kama ile nyumba inapoa haraka sana, na ikichelewa kurudi mabomba ya maji yanaganda, yanapasuka, sasa una hasara mbili.

Naandika kwa sababu nimeona wenzetu wengi wakinaswa mahali palepale. Fanesi inazima saa nne usiku, watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba, fundi wa kwanza aliyepokea simu anakuja, anamulika tochi dakika tano, anasema hii imekwisha, dola 9,000, weka sahihi hapa. Na mtu anaweka, afanyeje? Wengine wamebadilisha mashine nzima kumbe kilichokufa ni kipuri kidogo tu. Na wengine, hao ndo wananinyima usingizi, wanaendelea kuwasha mashine mbovu ya hatari kwa sababu "bado inatoa joto". Uamuzi huu unatakiwa ufanywe mwezi wa tisa, mchana, ukiwa umetulia na kalamu mkononi.

Nitaongea zaidi juu ya fanesi ya gesi kwa sababu huku Midwest ndo nyingi. Walioko Maine, kule Portland na Lewiston ambako Wakongo na Warundi wamekuwa wengi, nyumba nyingi zinatumia mafuta, vipuri vinatofautiana ila hesabu na tahadhari ni zilezile. Na kama umepanga, si mzigo wako: sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba ina joto la angalau nyuzi 68 Fahrenheit kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30, kwahiyo mpigie yeye, na mwandikie pia ili ubaki na ushahidi.

Kabla ya hatua yoyote: mambo ambayo hayasubiri hesabu

Sote tunajua habari za watu waliolala na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha na asubuhi hawakuamka. Ile gesi iliyowaua, kaboni monoksaidi, ndo hiyohiyo fanesi mbovu inaweza kuitoa. Haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka, na watu wanadhani ni mafua. Dalili kubwa ni hii: mnaumwa wote nyumbani, mkitoka kazini au kanisani au msikitini mnapata nafuu, mkirudi vinaanza tena. Hapo toka nje na watoto wote na upige 911 ukiwa nje, usirudi ndani kuchukua kitu.

Alamu ya kaboni monoksaidi si pambo. Minnesota sheria inataka iwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Geuza nyuma ya alamu yako leo uangalie tarehe, manake zinakufa, nyingi zinadumu kati ya miaka 5 na 10 tu, na ile uliyoikuta ukutani uliponunua nyumba huenda ilishaisha muda kabla hata hujahamia.

Ukisikia harufu ya mayai viza hiyo ni gesi inavuja. Usiwashe taa, usizime taa, usipige simu ukiwa ndani. Toka kwanza, upige 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi, Minneapolis ni CenterPoint Energy, Saint Paul ni Xcel Energy, wanakuja kukagua mvujo saa yoyote na hawakutozi.

Jambo lingine ni rangi ya moto. Fanesi nyingi zina kidirisha kidogo, chungulia ikiwa inawaka. Moto unatakiwa uwe wa bluu na umesimama imara. Ukiwa wa njano na unachezacheza, au ukiona masizi kuzunguka mashine, au bati limeungua mahali ambapo moto haukutakiwa kufika, zima mashine kwenye swichi yake na uite fundi, usiseme ngoja wikendi ipite.

Hatua ya 1: jua umri wa mashine

Fanesi ya gesi kwa kawaida inaishi miaka 15 mpaka 20, iliyotunzwa inaweza kufika 25. Sasa yako ina mingapi? Fungua mlango wa mbele, ule wa bati unaovutwa juu kidogo ndo unatoka, ndani kuna kibandiko chenye modeli na namba ya mashine yenyewe (serial number). Baadhi wanaandika tarehe waziwazi, wengine wameificha kwenye namba. Carrier na Bryant tarakimu mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka, kwahiyo 2306 ni wiki ya 23 ya mwaka 2006. Goodman wanaanza na mwaka alafu mwezi, 0907 ni Julai 2009. Lennox nyingi mwaka upo kwenye tarakimu ya tatu na ya nne. Kama yako ni kampuni nyingine piga picha kibandiko na uwaulize wao wenyewe, wanakuambia.

Piga hiyo picha kwa vyovyote, uweke kwenye simu. Siku fundi akikwambia mashine ina miaka 25 na wewe unajua ni 14, mazungumzo yanabadilika.

Ukiwa hapo angalia pia bomba la moshi. Likiwa la chuma linapanda kwenye chimni hiyo ni fanesi ya kawaida, ya siku hizi inatumia kama asilimia 80 ya gesi kwenye joto na zinazobaki zinaondoka na moshi. Likiwa la plastiki jeupe linatokea ukutani, hiyo ni ya ufanisi wa juu, asilimia 90 kwenda juu. Zile za zamani sana zenye kimoto kinachowaka muda wote zinaweza kuwa 60 na kitu tu. Kumbuka hizo namba, tutazihitaji kwenye hesabu.

Hatua ya 2: maliza visababu vidogo kabla hujampigia mtu

Hapa ndo pesa nyingi inapotea bure. Fanesi ikigoma, pitia haya kwa utulivu. Betri za themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto. Breka kwenye boksi la umeme. Swichi ya fanesi yenyewe, inafanana kabisa na swichi ya taa na iko ukutani au ubavuni mwa mashine, watoto wakishuka besmenti wanaizima wakidhani ni taa. Mlango wa mashine, usipokaa sawasawa kuna kiswichi cha usalama hakibonyezwi na haiwaki ng'o.

Alafu filta. Naomba nikae kidogo kwenye filta manake ndo imeua mashine nyingi. Ikijaa vumbi hewa haipiti, mashine inachemka kupita kiasi, inajizima kwa usalama, inapoa, inawaka tena, inajizima tena, na kila mara chuma cha ndani kinatanuka na kusinyaa mpaka siku kinapata ufa. Filta nyembamba ya inchi 1 ikague kila mwezi na usiache ipite miezi 3. Na usinunue ile nzito kuliko zote ukidhani ndo bora, kipimo cha MERV, yaani namba ya jinsi filta inavyonasa vumbi, cha 8 mpaka 11 kinatosha nyumba nyingi, juu ya hapo mashine nyingi za zamani zinakosa pumzi. Jambo linaloendana na hilo, usifunge matundu ya hewa kwenye vyumba usivyotumia ukidhani unabana matumizi, unaikaba mashine ileile.

Kama yako ina mabomba ya plastiki toka nje uangalie yasiwe yamezibwa na theluji. Ndani, ule mpira mwembamba wa kutoa maji usiwe umeziba au kuganda, manake hizi za ufanisi wa juu zinatoa maji kama kiyoyozi na yasipotoka inazima yenyewe.

Mwisho, kuna kitaa kidogo kinapepesa ndani ya mashine. Hesabu mapigo yake, alafu soma nyuma ya mlango, kuna jedwali linakwambia mapigo matatu maana yake nini, manne nini. Ukimpigia fundi ukamwambia kitaa kinapiga mara nne anajua anaongea na mtu aliyeangalia.

Hatua ya 3: uliza ni kipuri gani hasa kimekufa

"Imekwisha" si jibu. Mwambie fundi ataje kipuri na akuonyeshe kwa macho.

Vipo vya bei ndogo. Sensa ya moto, kijiti chembamba cha chuma, ikiwa chafu mashine inawaka sekunde chache inazima, inajaribu tena, inazima. Hiyo mara nyingi ni kuisafisha tu. Ignaita, kile kinachokuwa chekundu kuwasha gesi, ni kitu cha kuchakaa kama tairi za gari, kikifa baada ya miaka kadhaa si dalili kwamba mashine inakufa. Kapasita ya feni, kipuri kidogo cha umeme kinachosaidia feni kuzunguka, ni hivyohivyo. Usikubali mtu akuuzie fanesi mpya kwa sababu ya hivi vitu.

Vya katikati ni mota ya kutoa moshi, mota ya feni kubwa, na bodi ya umeme. Hapa bili inakuwa mamia ya dola na ndo umri unaanza kuwa na maana.

Alafu kuna eksichenja, na hii ndo roho ya mashine. Ni vyumba vya chuma ambavyo moto unawaka ndani yake na hewa ya nyumbani inapita nje yake, moshi upande huu, hewa mnayovuta upande ule, kilichowatenganisha ni bati tu. Ikipasuka, huo ukuta haupo tena. Fundi anayejali atazima gesi na kubandika karatasi nyekundu, na hafanyi ukatili, anawalinda. Ila kwa kuwa neno "eksichenja imepasuka" linatisha, wapo wanaolitumia kuuza. Kwahiyo omba picha au video, mafundi wengi siku hizi wana kamera nyembamba ya kuingiza ndani, alafu iache mashine imezimwa na umwite fundi wa pili athibitishe. Wakikubaliana wote wawili, kwa fanesi iliyopita miaka 15 hakuna cha kujadili, badilisha. Kama ni changa zaidi angalia waranti kwanza, kampuni nyingi zinadhamini eksichenja miaka 20 au hata maisha yote ya mnunuzi wa kwanza, kipuri unapewa ila kazi ya ufundi unalipa wewe na ni kazi kubwa manake mashine inavuliwa karibu yote. Ukishajumlisha unaweza kuona heri mpya.

Hatua ya 4: piga hesabu

Mafundi wa huku wana kanuni wanaitumia sana: zidisha umri wa mashine kwa bei ya matengenezo, ikizidi 5,000 fikiria kubadilisha. Si sheria, bei za vitu zimepanda, ila inasaidia kichwa kutulia.

Yangu ilikuwa na miaka 17 ignaita ilipokufa, nikaambiwa dola 280. 17 mara 280 ni 4,760, nikatengeneza, na sikujuta. Msimu uliofuata ikafa bodi, dola 650, mara 18 ni 11,700, hapo nikaacha. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimetunza risiti zote, nikaona miaka miwili mfululizo nimeita fundi, na hilo nalo ni kipimo: mashine iliyoharibika mara moja ndani ya miaka 15 ni tofauti na inayoharibika kila Januari.

Sasa suala la kuokoa gesi, ambalo wauzaji wanalipenda. Chukua asilimia ya ufanisi ya mashine ya sasa ugawe kwa ya mashine mpya, kinachopungua kufika moja ndo unachookoa. Ukitoka asilimia 80 kwenda 95 unaokoa kama asilimia 16 ya gesi ya kupasha joto. Kama unatumia dola 1,000 kwa msimu hiyo ni dola 160 hivi kwa mwaka. Kwa mashine ya dola 6,000 na kitu hiyo haitoshi kuwa sababu peke yake kama ya sasa ni nzima na salama. Lakini ukitoka 60 kwenda 95 unaokoa kama asilimia 37, dola 370 kwa mwaka, hapo hata kama ile ya zamani bado inawaka vizuri inastahili kustaafu.

Na bili ikipanda usikimbilie kulaumu fanesi. Kwenye bili angalia themu, yaani kiasi cha gesi ulichotumia, usiangalie dola, manake bei ya gesi inapanda na kushuka yenyewe na miezi mingine inakuwa na baridi zaidi. Themu zikipanda mwaka hadi mwaka kwa baridi ileile, hapo kuna tatizo.

Hatua ya 5: tafuta msaada kabla ya kuchukua mkopo

Hii watu wetu hawaijui na inaniuma. Kuna mpango wa serikali wa kusaidia bili za joto kwa familia zenye kipato kidogo, unaitwa LIHEAP, kila jimbo linao kwa jina lake, hapa Minnesota ni Energy Assistance Program, na ukishakubaliwa na nyumba ni yako mwenyewe unaweza kusaidiwa kutengeneza au hata kubadilisha fanesi iliyokufa. Kuna na mwingine, Weatherization Assistance Program, ulioanza 1976, unaziba mianya na kuweka kinga ya joto kwenye dari na kuta. Piga 211, namba ya simu ya kuelekeza watu kwenye misaada, uulize, omba mkalimani wa Kiswahili kama unahitaji, wala usione aibu, unalipa kodi. Usijiondoe mwenyewe kwa kudhani kipato chako ni kikubwa, wanaangalia na idadi ya watu nyumbani na sisi familia zetu ni kubwa.

Kampuni za gesi na umeme nazo mara nyingi zinarudisha pesa kidogo ukiweka mashine ya ufanisi wa juu, angalia kabla hujanunua ujue modeli zipi zinakubaliwa. Lile punguzo la kodi la serikali kuu kwa mashine za joto liliisha kwa mashine zilizofungwa baada ya Desemba 31, 2025, kwahiyo muuzaji akikuahidi hilo kwa mashine ya sasa mwambie akuonyeshe limeandikwa wapi.

Hatua ya 6: kwotesheni tatu, na maswali ya kuuliza

Kwotesheni ni bei ya kazi nzima anayokuandikia fundi kabla ya kuanza. Mimi nilipata tatu kwa nyumba ileile, kwa dola: 4,900, 6,700 na 9,400. Nikachukua ya kati, kwa sababu yule ndo peke yake aliyepima madirisha na kuangalia dari. Saizi ya fanesi inatakiwa ikokotolewe, hesabu yenyewe inaitwa Manual J, na fundi anayesoma tu kibandiko cha ile ya zamani akakuwekea saizi ileile, au kubwa zaidi "kwa usalama", hajakusaidia. Fanesi kubwa kuliko nyumba inawaka dakika chache inazima, inawaka inazima, vyumba vya mbali vinabaki baridi na mashine inachakaa mapema.

Uliza na hita ya maji. Kama hita yako inatoa moshi kwenye chimni moja na fanesi ya zamani, na ile mpya itatumia bomba la plastiki, hita inabaki peke yake kwenye chimni kubwa kupita uwezo wake, moshi unapoa kabla ya kutoka na unaweza kurudi ndani ya nyumba. Dawa ni kuingiza bomba jembamba ndani ya chimni. Kama kwotesheni haitaji kitu hiki na hali yako ni hiyo, muulize, ukiona anashangaa tafuta mwingine.

Kibali cha jiji kiwepo na mkaguzi aje. Fundi anayesema tuache kibali upunguziwe bei anakunyima macho ya pili juu ya bomba la gesi ndani ya nyumba wanamolala wanao. Kiyoyozi nacho kinatumia feni hiyohiyo ya fanesi, kwahiyo kama kimezeeka pia uliza bei ya vyote pamoja, kazi ya kufungua inafanywa mara moja. Na uliza bei ya hitipampu, mashine ya umeme inayovuta joto la nje kuliingiza ndani, ikisaidiana na fanesi, uwe na namba ya kulinganisha.

Ikishafungwa, sajili waranti wewe mwenyewe mtandaoni wiki hiyohiyo. Kampuni nyingi zinatoa miaka 10 ya vipuri ukisajili ndani ya siku 60 au 90, ukichelewa inashuka kuwa 5.

Ukiwa unasubiri fundi na nyumba inapoa

Kusanyikeni chumba kimoja, mfunge milango, blanketi kwenye madirisha. Acha mabomba yadondoke maji kidogokidogo, hasa yaliyo kwenye kuta za nje, na ufungue kabati za chini ya sinki joto liingie. Hita ya umeme ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni, iwe futi 3 mbali na pazia na kitanda, na uizime mkilala. Oveni ya gesi usiitumie kupasha nyumba. Jiko la makaa lisiingie ndani wala gereji, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi. Ikizidi, nendeni kwa jirani au ndugu mlale huko, ila kabla ya kuondoka funga valvu kuu ya maji na ufungue bomba la chini kabisa maji yaliyomo yatoke.